UZI: Mimea na ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga: niliyoyapima bandani kwangu Ruai

MamaVifaranga_Ruai (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wafugaji wenzangu.

Kila mvua zikianza hapa Nairobi, mapishi yaleyale huzunguka kwenye makundi yetu ya simu: kata shubiri, twanga kitunguu saumu, tia pilipili kichaa, wape vifaranga na kuhara damu kutaisha. Mwaka jana niliyafuata, nikazika vifaranga 41 kati ya 100 kwa siku sita. Tangu hapo nimelea makundi mengine matatu huku nikipima na kuandika kwenye daftari, na nimewasumbua sana madaktari wa mifugo kwa maswali. Sijaja kuwaambia muachane na mimea, maana mimi mwenyewe bado naitumia. Ila tunaitwika kazi isiyoiweza, na ile inayoiweza hatuipi.

Nianze na yaliyonipata. Ilikuwa Aprili, vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, wiki ya nne. Bati lilikuwa linavuja pembeni, na maranda yaliyozunguka vyombo vya maji yalikuwa yameloa. Niliyaona, nikasema nitayabadilisha Jumamosi. Alhamisi asubuhi nikakuta watatu wamejikunyata chini ya taa, mabawa yameshuka, na juu ya maranda kuna matone ya damu mbichi, nyekundu kabisa. Nikakimbilia shubiri. Nikakata majani manne, nikayaloweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha, nikawapa. Ijumaa wakafa 6. Jumamosi 11. Nikaongeza kitunguu saumu. Nilikuwa nimenunua pia chupa ya "dawa ya mitishamba ya kuku" kutoka kwa muuzaji mmoja. Haikuandikwa ina mmea gani, wala kipimo, wala tarehe. Nikaimimina yote.

Jumapili jirani yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba kubwa la kuku akaniambia tumpasue mmoja aliyekufa. Mwisho wa utumbo wa kuku kuna vifuko viwili vilivyolala sambamba. Kwa kifaranga mzima ni vyembamba na rangi yake ni ya kahawia. Vile nilivyoviona vilikuwa vimevimba kama vidole vya mtoto, rangi ya zambarau iliyokolea, na kisu kilipovigusa ikatoka damu iliyoanza kuganda. Nikaelewa kwamba maji yangu ya shubiri yalikuwa yakipita juu ya utumbo uliokwisha kuchanika.

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka tulijadili. Ukiona damu, mimea imechelewa. Nafasi yake ni kabla.

Dkt_Mstaafu_Uthiru

Mama, pole sana, na asante kwa kumpasua yule kifaranga. Wafugaji wengi huzika bila kuangalia.

Niwaeleze wasomaji ni kwa nini mimea huchelewa. Ugonjwa huu huletwa na vimelea vidogo viitwavyo Eimeria. Kuku wana aina saba zinazojulikana kwa muda mrefu, na ile inayotoa damu mbichi kwenye vifuko hivyo ni Eimeria tenella. Kifaranga humeza vijiyai vyake, yaani oosisti, kutoka kwenye maranda. Vikifika tumboni hupasuka, vimelea vikaingia ndani ya chembe za ukuta wa utumbo, vikazaana, vikazipasua, vikaingia nyingine. Damu huonekana kama siku ya nne au ya tano tangu kumeza. Kwa hiyo unapoiona leo, kazi ya uharibifu ilianza mwanzoni mwa wiki.

Kisha kifaranga hutoa oosisti kwa maelfu na maelfu kwenye kinyesi. Zikitoka haziwezi kuambukiza papo hapo. Zinahitaji unyevu, joto na hewa, na hukomaa kwa siku moja hadi mbili. Banda lenye taa ya kuwapa vifaranga joto na maranda mabichi linazipa yote matatu. Dawa nyingi za kuoshea banda haziziui. Ukavu na joto kali ndivyo huziumiza.

Kamau_wa_Githurai

Daktari na mama nawaheshimu, lakini mimi natumia shubiri mwaka wa sita huu. Kuku wangu wa kienyeji hawafi. Nyanya yangu alitumia hiyohiyo. Mbona kwangu inafanya kazi?

Dkt_Mstaafu_Uthiru

Kamau, swali lako ni zuri. Kuku wako wanazurura au wamefungiwa?

Kamau_wa_Githurai

Wanazurura kwenye ploti mchana. Usiku wanalala kwenye kibanda.

Dkt_Mstaafu_Uthiru

Hapo ndipo jibu lilipo. Kuku anayezurura humeza oosisti chache leo, chache kesho, na mwili wake hujenga kinga taratibu bila kuugua sana. Kinga hiyo ni ya nguvu, ila inahusu aina ile tu ya Eimeria aliyokutana nayo. Hata chanjo nyingi zilizopo hutumia njia hiyo: kifaranga hupewa oosisti hai kwa kipimo kidogo. Wewe umekuwa ukiishukuru shubiri kwa kazi ambayo huenda imefanywa na mwili wa kuku mwenyewe. Kifaranga aliyebanana na wenzake 100 kwenye chumba cha Ruai humeza dozi kubwa kwa mkupuo mmoja kabla kinga haijaja.

Na tahadhari moja kuhusu shubiri. Ule utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda una aloini, ambayo kazi yake inayojulikana tangu zamani ni kuendesha tumbo. Ukimpa kwa wingi kifaranga anayehara tayari, unampotezea maji aliyobaki nayo.

MamaVifaranga_Ruai

Daktari, hilo la utomvu wa manjano liliniuma nilipolijua, kwa sababu mimi niliponda jani zima na ganda lake.

Sasa niseme niliyoyajaribu baadaye. Mmea niliouchagua ni artemisia, ule unaotolewa dawa ya malaria. Watu wanaijua habari ya Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kilichonivutia ni kwamba Plasmodium ya malaria na Eimeria ya kuku ni vimelea vya ukoo mmoja, na artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye mmea huo, imejaribiwa kwa vyote viwili. Mwaka 1997 watafiti wa Beltsville kule Marekani walichapisha matokeo yao: vifaranga waliolishwa majani makavu ya artemisia, 5% ya chakula chao kwa wiki tatu, walipata kinga ya wazi dhidi ya vidonda vya Eimeria tenella. Kwa aina nyingine mbili walizopima, hawakuona kinga hiyo kwenye vidonda.

Hebu tufanye hesabu ya hiyo 5%. Gunia la chakula la kilo 50 linahitaji kilo mbili na nusu za majani makavu. Nani hapa amewahi kupima artemisia kavu? Ni nyepesi kama manyoya. Kilo mbili na nusu zilinijazia gunia zima, na nilivuna karibu kila mche niliopanda nyuma ya nyumba. Halafu majani hayafanani nguvu. Yale ya watafiti yalikuwa na artemisinini kidogo mno, chini hata ya sehemu moja kwa elfu, ilhali mbegu zilizoboreshwa kwa ajili ya viwanda hufikia 1%. Kwa hiyo mtu akikwambia "weka kijiko kimoja", muulize kijiko cha jani lipi.

Jingine: wengi mnachemsha chai ya artemisia. Artemisinini haipendi joto na haiyeyuki vizuri kwenye maji. Tu Youyou mwenyewe alifanikiwa alipoacha kuchemsha akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Mimi nakausha kivulini, juu ya gunia safi, siku tano hadi saba kutegemea hali ya hewa, mpaka jani livunjike mkononi. Nasaga, nachekecha, nachanganya na chakula kikavu. Sichemshi.

Na tafadhali msichanganye na ile artemisia ya milimani, Artemisia afra, inayoota yenyewe nyanda za juu. Ni ndugu, harufu yake ni kali na ina matumizi yake, lakini haina artemisinini. Niliwahi kuuziwa miche yake nikidhani ndiyo.

Wanjiku_Kayole

Dada, matokeo je? Umeeleza mmea, hujaeleza kuku.

MamaVifaranga_Ruai

Nakuja, Wanjiku.

Kundi la kwanza lilikuwa vifaranga 120 wa chanzo kimoja, siku moja. Nikagawa chumba kwa waya na mbao, 60 huku na 60 kule, maranda ya gunia moja, taa sawa, maji sawa. Upande mmoja chakula chenye jani kuanzia siku ya 10 hadi ya 31, upande mwingine chakula kitupu. Nilitumia 2% kwa sababu 5% waliikataa. Ni chungu, walikuwa wanachakura na kumwaga. Nilikuwa napima kuku 10 kila upande kila Jumapili, na wiki ya nne nilipeleka kinyesi Kabete kwenye maabara wahesabu oosisti.

Upande wa jani walikufa 4. Upande mtupu walikufa 6. Tofauti ya vifaranga wawili siwezi kuiita ushindi, na msiniombe niiite hivyo. Oosisti upande wa jani zilikuwa pungufu, na hilo lilinifurahisha. Lakini wale wa jani walikuwa wepesi kidogo kwenye mizani, nadhani kwa sababu ya uchungu.

Linganisheni sasa na 41 wa mwaka jana. Pande zote mbili zilifanya vizuri kuliko zamani, hata upande usio na jani. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeziba bati, nimeinua vyombo vya maji juu ya matofali na waya, na kila jioni nilikuwa nachota maranda kwa ngumi. Ukikamua maranda halafu ukafungua mkono, yakibaki donge yana maji mengi, yakimwagika yako sawa. Donge likipatikana, sehemu hiyo natoa usiku huohuo, siingoji Jumamosi.

Ndiyo maana nasema jani ni msaidizi. Anayepigana vita ni ukavu.

Mzee_wa_Dagoretti

Nimesoma kwa makini, binti yangu. Sisi wa zamani tulikuwa na mũgaita, tulikuwa na mũthiga, na mifugo ilipona. Msiwafundishe vijana kwamba miti ya wazee ni bure.

MamaVifaranga_Ruai

Shikamoo mzee. Sijasema ni bure, na nakushukuru kwa kuitaja, kwa sababu imenikumbusha jambo ambalo tunalichanganya sana. Mũgaita ni dawa ya minyoo, mbegu zake zimetumika kwa hilo vizazi vingi. Mnyoo na Eimeria ni viumbe tofauti kabisa. Mnyoo mkubwa wa kuku unauona kwa macho, umelala ndani ya utumbo kama uzi mnene mweupe. Eimeria haionekani bila hadubini, na imejificha ndani ya chembe za utumbo wenyewe. Mmea unaomfukuza mmoja unaweza usimguse mwingine. Daktari atanisahihisha.

Dkt_Mstaafu_Uthiru

Sina cha kusahihisha, nina cha kuongeza. Kwa minyoo, mimea ina ushahidi unaotia moyo. Utomvu wa papai bichi una vimeng'enya vinavyoyeyusha protini, na vimeonekana kula ngozi ya nje ya mnyoo, na umejaribiwa kwa kuku wenye Ascaridia galli, yule mnyoo mkubwa aliyemtaja mama. Hata hivyo kipimo ni muhimu, utomvu huo huchoma mdomo na koo. Mbegu za papai na za malenge watu wanatumia pia.

Mzee, kwa mũthiga nina ombi moja. Watu wanauchuna gome kuzunguka shina lote hadi mti unakufa. Kama ni lazima, chuna kibanzi upande mmoja, au tumia majani.

Mzee_wa_Dagoretti

Hilo ni kweli, daktari. Kwetu ulikuwepo mmoja karibu na mto. Waliumaliza.

Wanjiku_Kayole

Mimi nafuga wa mayai, 200. Nilitia kitunguu saumu kwenye chakula mwezi mzima, wateja wangu wa vibanda wakaanza kuniuliza mbona mayai yana harufu. Ilibidi niache. Je, kinafaa kweli?

MamaVifaranga_Ruai

Kitunguu saumu kinachofanya kazi ni kile kilichopondwa kibichi. Allisini, ile kemikali yake yenye nguvu, huzaliwa pale tu unapokiponda, na ukikichemsha inapotea. Mimi huwapa vifaranga tu, punje chache zilizopondwa kwenye maji ya asubuhi, na maji hayo namwaga baada ya saa chache. Kuku anayetaga sikitii kabisa, kwa sababu hiyohiyo ya wateja wako. Sijawahi kukiona kikisimamisha kuhara damu.

Salma_Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu mwarobaini ndio kila kitu. Nataka kujua kuhusu wadudu wa nje, utitiri hasa. Kuku wanatoka kwenye kibanda asubuhi vilemba vimepauka na hawana raha.

Dkt_Mstaafu_Uthiru

Salma, kwa wadudu wa nje mimea ina nguvu kuliko kwa kuhara damu, kwa sababu inamgusa mdudu moja kwa moja. Utitiri mwekundu hunyonya usiku na mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, kwa hiyo kumpaka kuku peke yake hakutoshi. Nyunyiza nyufa, fito za kulalia na viota. Mwarobaini husaidia. Pareto ni bora zaidi, na Kenya ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa duniani kwa miaka mingi. Ila pirethrini, yaani sumu ya wadudu iliyomo kwenye pareto, huvunjika haraka kwenye jua, kwa hiyo nyunyiza jioni, kisha rudia baada ya wiki, maana mayai ya utitiri yatakuwa yameanguliwa. Utitiri mzima unaweza kukaa miezi bila kula, banda tupu si banda safi.

Otieno_Mwiki

Samahani nakatiza. Nimefika kutoka kazini sasa hivi, nina vifaranga 80 wa wiki tano, nimeona damu kwenye maranda. Wawili wamekufa. Nina artemisia kavu nyumbani niliyopewa na rafiki. Niwape kiasi gani?

MamaVifaranga_Ruai

Otieno kaka yangu, usiwape. Weka artemisia pembeni. Nenda agroveti sasa hivi kabla hawajafunga.

Dkt_Mstaafu_Uthiru

Otieno, fanya hivi. Mmoja wa waliokufa mpasue, uangalie vile vifuko viwili mama alivyoeleza juu. Kama vimejaa damu, uliza amproliamu ya kuweka kwenye maji. Kiwango cha tiba ni 0.024% ya dawa yenyewe kwa siku 3 hadi 5, kisha 0.006% kwa wiki moja au mbili. Pakiti zinatofautiana nguvu, soma kibandiko chake na umwambie muuzaji akupimie kwa idadi ya lita zako. Wape maji hayo tu, usiweke mengine pembeni. Kifaranga mgonjwa huacha kula lakini bado hunywa, ndiyo maana dawa inawekwa kwenye maji.

Usitie vitamini zenye B1 wakati wa tiba. Amproliamu inafanana na B1, na inakiua kimelea kwa kukinyima vitamini hiyo. Ukiimimina B1 kwenye ndoo ileile unakiokoa. Vitamini K ruksa, inasaidia damu kuganda.

Na maranda, usiku huuhuu, toa yaliyoloa.

Otieno_Mwiki

Nimempasua. Vifuko vimevimba, vyeusi. Naenda.

Kamau_wa_Githurai

Otieno, agroveti za stendi huwa wazi hadi saa mbili usiku. Wahi.

Otieno_Mwiki

Nimepata. Nimewapa saa mbili kasoro. Mke wangu na mimi tumetoa magunia matano ya maranda kwa tochi. Nilidhani yalikuwa makavu kwa sababu juu yalionekana makavu. Chini yalikuwa kama udongo wa mto.

Wanjiku_Kayole

Magunia hayo usiyamwage mlangoni. Rundika mbali, funika, yapate joto lake yenyewe. Mimi ndivyo nafanya kabla sijapeleka shambani.

Otieno_Mwiki (siku ya pili)

Asubuhi wamekufa watatu. Jioni mmoja. Waliobaki wameanza kusogea kwenye chakula.

Dkt_Mstaafu_Uthiru

Endelea na dozi ileile. Watu hukosea hapa: wakiona wamechangamka wanaacha.

Otieno_Mwiki (siku ya nne)

Tangu jana asubuhi hajafa hata mmoja. Nina 72. Nimeinua vyombo vya maji kwa matofali. Mama, kundi lijalo nataka kugawa chumba kama ulivyofanya, upande wa jani na upande mtupu. Nianze siku ya ngapi?

MamaVifaranga_Ruai

Siku ya 10, na uanze na 1% uone kama wanakula, ndipo upande hadi 2%. Pima uzito siku hiyo kabla hujaweka kitu, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Chukua kinyesi cha asubuhi, sehemu kumi tofauti za kila upande, weka kwenye chupa safi mbili zenye alama, zifike Kabete siku hiyohiyo. Nitumie ujumbe wiki moja kabla vifaranga hawajafika. Nina miche 30 ya artemisia imeota vizuri, nitakupa 10.